Joto la Chumba cha Mama

Mama alipopata kiharusi alikuwa shambani kwake, kijiji kimoja nje ya Mhunze, anachuma pamba. Majirani walimkuta ameegemea gunia, mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, macho yanatazama tu. Hospitali walimweka wiki mbili. Siku ya kuruhusiwa daktari aliniuliza nampeleka wapi, nikajibu bila kufikiri kwamba nampeleka kwenye nyumba ya baba, Ibadakuli. Ni Shinyanga mjini, ni karibu na hospitali, na shule ninayofundisha naifikia kwa pikipiki kutoka pale. Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi sana. Kijijini Mama alikuwa analala kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Mimi nikamtoa humo nikamlaza chini ya bati.

Nyumba ile baba aliijenga alipokuwa karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Vyumba vinne, matofali ya kuchoma, bati ambalo sasa limekuwa jekundu kwa kutu. Dari hakuweka. Alisema ataweka akipata nafasi, akafa hajaipata. Baada ya msiba Mama alirudi kijijini kulima, nyumba ikapangishwa. Wapangaji walikuja na kuondoka, na kila mmoja aliacha alama yake: waya aliojiongezea, msumari ukutani, moshi wa mkaa kwenye kuta za korido. Nilipoifungua Agosti ile ilinuka popo.

Nilimpa Mama chumba kikubwa cha mbele, kile kinachotazama magharibi. Nimekulia kwenye nyumba hiyo, chumba hicho nakijua. Lakini sikuwa nimewahi kulala humo mchana nikiwa siwezi kujigeuza.

Agosti ilipita vizuri. Asubuhi kulikuwa na ubaridi, Mama alifunikwa blanketi. Septemba tukaanza kumfunika shuka. Kufika Oktoba hakuna cha kumfunika. Ikifika saa saba mchana bati linaanza kulia, ko, ko, ko, kama mtu anatembea juu yake, na kuanzia saa nane jua linahamia ukuta wa magharibi na kuuchoma mpaka linazama. Niliwahi kusahau mshumaa kwenye ukingo wa dirisha. Niliporudi kutoka shule niliukuta umejikunja, kichwa chake kimegusa ukuta. Niliuangalia ule mshumaa, halafu nikamwangalia Mama aliyelala hatua tatu kutoka pale.

Hakuweza kusema. Tangu kiharusi alikuwa anatoa sauti tu, na maneno mawili matatu ya Kisukuma yaliyobaki mdomoni mwake. Moja lilikuwa "limi." Jua. Alikuwa akilisema na kuelekeza macho juu, kwenye bati. "Limi, ng'wanone." Jua, mwanangu. Nilikuwa nalowanisha kitambaa nampangusa, kitambaa kinakauka kabla sijarudi na kingine.

Niliweka feni. Feni ilizunguka mchana kutwa ikimpulizia hewa ya moto, na umeme ukawa haukai. Nanunua Jumatatu, Alhamisi mita inalia. Nyumba ina feni moja, taa nne na friji ndogo. Nilizima friji. Nikaacha kuwasha taa, nikawa nasahihisha madaftari ya wanafunzi kwa tochi ya simu. Bado mita ililia. Jirani yangu, mjane anayeishi ukuta wa pili, ndiye aliyekuwa akikaa na Mama ninapokuwa kazini. Aliniambia hata wapangaji walikuwa wanalalamika hivyohivyo, kwamba nyumba ile inakula umeme, na wengine walihama kwa sababu hiyo. Nilimsikia kama mtu anayenisimulia habari za mapepo.

Mtaani walinielekeza kwa fundi mmoja anayesifiwa. Alikuja na futi kamba na simu mbili, akazunguka nyumba nzima, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii nyumba ni ya kizamani," alisema. "Tukuwekee dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, na haya matundu yote ya juu tuyazibe. Ndiyo yanayoleta vumbi na popo. Itapoa mpaka utashangaa."

"Ukiziba matundu, hewa itapita wapi?"

"Dirishani. Nyumba zote za sasa ziko hivyo."

Ninachokikumbuka ni kwamba swali hilo nililiuliza. Nililiuliza kwa kinywa changu, nikakubali jibu lake, kwa sababu alijiamini na mimi nilikuwa nimechoka. Niliuza pikipiki. Nikaanza kwenda shule kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kila siku nilijiambia ni sawa, Mama atapoa.

Kazi ilichukua wiki mbili. Ilipoisha nyumba ilipendeza. Dari nyeupe, madirisha yanayoteleza, kuta zimepakwa rangi. Majirani walikuja kuangalia. Siku ya kwanza kweli nilihisi nafuu, kwa sababu bati halionekani tena na mtu asipoliona anaweza kujidanganya. Siku ya pili nilirudi saa tisa nikakuta chumba kimekuwa kizito. Yale madirisha ya kuteleza hufunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo, na kioo kile kilikuwa kinapokea jua lote la mchana. Juu, kati ya bati na dari, joto lilikuwa limefungiwa halina pa kwenda, likawa linashuka polepole kupitia ubao ule mwembamba. Niligusa dari kwa mkono nikiwa nimesimama juu ya kiti. Ilikuwa ya moto kama sahani iliyotoka jikoni.

Siku ya tatu nilikuwa darasani, darasa la nne, tunafanya sehemu. Simu ilitetemeka mezani.

"Mwalimu, njoo," jirani alisema. "Mama haamki."

Nilichukua bodaboda. Njiani sikuwa naomba, nilikuwa nahesabu matundu. Matundu mawili juu ya kila dirisha, moja juu ya kila mlango. Yote nimelipa yazibwe.

Nilimkuta amelegea, ngozi ni kavu na ya moto, anapumua haraka kama kuku anayekimbizwa. Tulimpakia kwenye bajaji, jirani ameshika kichwa na mimi miguu. Hospitali walimwekea maji ya mshipa, wakamfunika kanga zilizoloweshwa. Nesi wa zamu, dada wa makamo, aliniita pembeni jioni ile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Vipimo vimerudi. Hana malaria, hana maambukizi. Mama amekauka maji na mwili umepata joto kupita uwezo wake. Analala wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza na dari, nilimweleza na madirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi hapa tutamweka siku kadhaa," alisema. "Lakini tukimrudisha kwenye chumba hicho, mwalimu, sidhani kama utapata nafasi ya kumleta tena."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeweza kukasirika.

Usiku huo nililala kwenye benchi la wodi na asubuhi nikampigia simu mdogo wangu. Hatukuwa tumeongea tangu msiba wa baba. Yeye alikuwa ameondoka nyumbani kijana, akaanza na biashara ya dagaa pale Nkome, kisha akahamia kwenye machimbo ya dhahabu Geita na huko akakaa. Baba alipofariki hakuja kuzika. Alikuja wiki tatu baadaye, amevaa viatu vipya, na mimi nilimwambia maneno mbele ya watu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliondoka siku hiyohiyo. Sasa nilimpigia kwa sababu sikuwa na mwingine, na kwa sababu, niseme ukweli, nilitegemea mtu wa dhahabu atakuwa na fedha.

"Sina hela, Dada," alisema baada ya kunisikiliza. Alikohoa kidogo. "Ila nakuja."

Alifika kesho yake mchana na begi moja la mgongoni. Karibu nisimtambue. Mwanaume wa miaka arobaini, mabega yamechongoka, shingo imekuwa nyembamba, na kile kikohozi kilikuwa kinaanzia mbali ndani yake. Kazi yake machimboni, alinieleza baadaye, ilikuwa kupiga matimba, yaani kupanga magogo kwenye kuta za shimo ili lisiwaporomokee walio chini. Wao shimo wanaliita duara. Miaka kumi na minne alikuwa anashuka na kupanda, akipumua vumbi la mwamba. Nilimtazama nikawaza: nimeomba msaada, nimeletewa mgonjwa wa pili. Sikumkaribisha vizuri. Nilimwonyesha chumba nikasimama mlangoni.

Alikaa kwenye kitanda kitupu cha Mama kwa muda mrefu, jasho linamtiririka. Halafu akauliza kama kuna dawa ya mbu, ile ya kuzunguka. Nilimpa. Aliiwasha, akaiweka sakafuni, akarudi kukaa. Moshi ulipanda kidogo, ukafika usawa wa dirisha, ukasimama. Ulitanda pale katikati ya chumba kama shuka.

"Unaona?" alisema. "Hewa imeingia, haina pa kutokea. Duara likiwa hivi sisi hatushuki. Tukishuka, tunatolewa."

"Fundi alisema itatoka dirishani."

"Hewa ya moto inapanda, Dada. Dirisha liko chini. Juu mmeziba."

Nilisema, "Nimeziba mimi." Nilisema hivyo mara mbili, halafu nikakaa chini pale mlangoni nikalia. Nilikuwa sijalia tangu Mhunze. Yeye hakunigusa wala hakunibembeleza, sisi hatukulelewa hivyo. Alichukua nyundo na tindo kwenye boksi la zamani la baba, akapanda juu ya meza, akaanza kutoboa plasta mpya pale tundu lilipokuwa.

Kwa siku nne alizibua matundu yote. Mengine aliyafanya makubwa kuliko mwanzo, akaweka wavu wa chuma kuzuia popo. Kwenye pembe mbili za juu za nyumba, chini kabisa ya paa, alitoboa madirisha madogo yanayotazamana, moja mashariki na jingine magharibi, ili upepo uingie juu ya dari huku na utoke kule. Aling'oa dirisha la alumini la chumba cha Mama, akatengeneza la mbao lenye mbawa mbili linalofunguka lote. Mbao alizipata kwenye makasha chakavu nyuma ya duka la vipuri. Kila baada ya dakika kumi alikuwa anashuka, anainama, anakohoa, anapanda tena. Nikitoka shule nampa maji na kushika ngazi. Tuliongea kuhusu misumari na mbao tu. Hospitali walikuwa wamenipigia mara mbili kuuliza lini namchukua Mama, kitanda kinahitajika.

Siku ya tano alitaka kupaka bati chokaa. Alisema bati jekundu linavuta jua, jeupe linalirudisha, na kwamba chokaa ukichanganya na saruji nyeupe na gundi ya mbao inashika angalau msimu mmoja. Tulichanganya uani kwenye pipa. Maji mengi yalimwagika. Ngazi ilikuwa ya chuma, imesimama kwenye matope yale meupe, na yeye alipanda peku kwa sababu alisema viatu vinateleza. Mimi nilikuwa nimeinama nakoroga.

Nilisikia sauti kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshika ukingo wa bati kwa mkono uliolowa na mwili wote unatetemeka. Kisha mkono ukaachia akaanguka chali uani.

Nilifika nikapiga magoti. Macho yalikuwa wazi hayanioni. Mdomo umejaa chokaa. Kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani hakupumua, na mimi niliwaza kitu kimoja tu: nitamwambia nini Mama. Kwamba mmoja nimemlaza hospitali na mwingine nimemuua uani, vyote kwa ajili ya nyumba moja. Nilimpiga kifuani kwa viganja. Sikujua ninachofanya. Kisha akavuta hewa, akakohoa, akakohoa sana, na maneno yake ya kwanza yakawa, "Usiguse ngazi."

Paa lilikuwa na umeme.

Jirani alikimbia kwenda kuzima meni swichi kwa kutumia mwiko wa ugali. Mdogo wangu alikuwa ameungua kiganjani na kifundo cha mkono kimevimba, lakini alikaa mwenyewe akaegemea ukuta. Ndipo nilipokumbuka kwamba kamba yangu ya kuanikia nguo, ambayo ni waya uliofungwa kwenye ukingo wa bati, ilikuwa inanichoma vidole mara kwa mara tangu Agosti. Nilidhani ni kutu.

Fundi umeme aliyekuja alikuwa binti wa mtaa wa pili, ana miaka thelathini hivi, amevaa ovaroli na viatu vya mpira. Alitoa sehemu ya dari akapanda na tochi. Alikaa huko muda. Aliposhuka alikuwa na kipande cha waya kilichotafunwa na panya mpaka shaba inang'aa.

"Shikamoo tena, mwalimu," alisema, kama vile tunaanza upya. "Waya huu ulikuwa umelalia msumari wa bati. Bati limeshikana na mfereji wa maji ya mvua, na mfereji umechimbiwa chini. Kwa hiyo umeme mnaonunua ulikuwa unakwenda ardhini, usiku na mchana, hata mkizima kila kitu."

"Mbona umeme haukujikata?"

"Kwenye meni swichi mtu alitoa fyuzi akafunga waya mnene. Hiyo haitakata mpaka nyumba iungue."

Mdogo wangu alimwuliza kuhusu mpango aliokuwa nao, kuweka maganda ya mpunga juu ya dari ili kuzuia joto la bati. Binti alimtazama, akamtazama tena.

"Mngeyaweka wiki hii," alisema, "sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Usiku sikupata usingizi. Nilikuwa nafikiria moto ambao haukutokea. Nilikuwa nimeleta kila mtu kwenye nyumba ile kwa nia njema, na nyumba ilikuwa inangoja.

Ilibidi waya zote zitolewe, zipitishwe upya ndani ya mabomba ya plastiki, na swichi inayojikata yenyewe iwekwe. Kilichobaki cha pikipiki kiliishia hapo. Vitu vya kuzuia joto vinavyouzwa madukani, vile vyenye karatasi ya kung'aa, nilikuwa nimeuliza bei nikakata tamaa siku hiyohiyo. Nilimwambia mdogo wangu basi, tumefika mwisho.

"Bado," alisema. "Maganda yanatupwa."

Na kweli yanatupwa. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga kulikuwa na vilima vyake, vingine vinachomwa ili kupata nafasi. Mwenye mashine alituambia tubebe tunavyotaka, akacheka. Tulikodi mkokoteni wa punda. Tulikausha maganda juani, tukayachanganya na chokaa kuzuia wadudu na panya, tukayajaza kwenye viroba, kisha viroba vikapangwa juu ya dari kimoja baada ya kingine, vizito kidogo kuliko mto wa kulalia, mbali na mabomba ya waya kama binti alivyoagiza. Watu wa mtaa walipita wakisema mwalimu anafuga kuku darini.

Vumbi la maganda yale liliniwasha koo hata mimi niliye mzima. Yeye lilimshika hasa. Nilimfunga kitambaa puani, nikamwambia ashuke nipande mimi. Alisema mimi sijui kutembea juu ya mbao za dari, nitatumbukia. Siku ya pili alishuka ameshika kifua, akatema mate, nikaona damu. Akaifukia kwa mguu.

"Hiyo ni tangu lini?"

"Tangu Geita. Maliza kunipa viroba."

"Shuka twende hospitali."

"Mama akisharudi, Dada. Nikienda sasa watanilaza, nani atamaliza?"

Nilimpa viroba. Hilo nalo nimelibeba. Nilikuwa na wagonjwa wawili na nikachagua.

Mama alirudi siku ya Jumamosi, kabla kazi haijaisha. Chumba chake tulikuwa tumekimaliza, na bati la upande wake tulikuwa tumelipaka, safari hii kwa ngazi ya mbao na umeme umezimwa. Jiko la mkaa lililokuwa koridoni tulilitoa nje, chini ya kibanda cha mabati mawili, kwa sababu na lenyewe lilikuwa linachoma nyumba kutoka ndani. Tulimlaza saa nne asubuhi. Kisha tukakaa, mimi upande huu wa kitanda na mdogo wangu ule, tukisubiri saa nane kama watu wanaosubiri mgeni mbaya.

Saa saba bati lililia, lakini kwa mbali. Saa nane jua lilihamia ukutani. Tulikuwa tumetundika mkeka nje ya ukuta ule, mkeka wa kawaida juu ya fito, hatua moja kutoka kwenye matofali. Saa tisa niligusa dari. Ilikuwa vuguvugu. Sikuuamini mkono wangu, nikagusa kwa shavu. Chumba hakikuwa baridi, Shinyanga Oktoba hakuna baridi. Lakini hewa ilikuwa inatembea. Niliihisi shingoni, inaingia dirishani na kupita kwenda juu.

Mama alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, taratibu sana, neno ambalo sikuwa nimelisikia kwake tangu Julai.

"Mbeho."

Ubaridi. Mdogo wangu aliinuka akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama uani, amenipa mgongo, mabega yanatikisika, na sikujua ni kikohozi au nini.

Siku hiyo Mama alilala mchana mpaka saa kumi na moja. Umeme nilionunua Jumatatu iliyofuata ulikaa karibu mwezi. Niliwasha friji, nikawasha taa, nikawa nakwenda kuangalia mita kila asubuhi kwa hofu, kama mtu aliyezoea kuibiwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Novemba nilimpeleka mdogo wangu hospitali, wakampiga picha ya kifua. Daktari alituonyesha ile picha dhidi ya dirisha, akatuonyesha madoa. Alisema vumbi la mwamba likishaingia kwenye mapafu halitoki, na dawa za kulitoa hakuna. Kuna za kumsaidia tu. Alimwuliza mara tatu kama anaelewa. Mara ya tatu alijibu, "Naelewa, daktari. Nilishawaona wenzangu."

Tulipotoka nilimwambia samahani kwa viroba. Akasema viroba ni wiki moja, mwamba ni miaka kumi na minne, niache kujipa sifa. Kisha, tukiwa tumekaa kwenye ukuta mfupi nje ya hospitali tukisubiri bajaji, alinieleza kuhusu msiba wa baba. Wiki ile duara lilikuwa limeporomoka na wenzake wawili walikuwa chini. Yeye ndiye aliyepiga yale matimba. Alikaa pale mpaka walipotolewa, na baada ya hapo hakuwa na uso wa kuja kusimama mbele ya kaburi jingine. Viatu vile vipya alinunuliwa na wenzake kwa sababu vyake vilibaki shimoni.

Miaka yote ile nilikuwa nimewasimulia watu kuhusu vile viatu.

Mama alikaa nasi mpaka Machi. Aliongeza maneno machache. Alijifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mvua zilipokuja alipenda dirisha liachwe wazi ili asikie. Kiharusi cha pili kilimchukua asubuhi moja, nikiwa nimemaliza tu kumwosha, na daktari aliponieleza alisema hakuna lililoweza kufanywa. Tulimzika kijijini kwake. Mdogo wangu alikuwepo. Alishindwa kushika jembe, alishika udongo kwa mkono akaumwaga.

Sasa chumba kile ni chake. Hawezi tena kupanda ngazi, na siku nyingine hata kufika uani ni safari. Mvua ilisafisha nusu ya chokaa, mkeka wa ukutani ulioza, na Oktoba nyingine iko njiani. Kwa hiyo mwezi uliopita nilianza kujenga kibaraza upande wa magharibi, nguzo nne za mti na mabati machache ya mtumba, ili jua lisifike ukutani kabisa. Nilipanda mwenyewe. Yeye alikaa kwenye kiti chini ya kivuli cha nyumba, blanketi magotini, akinielekeza kwa sauti ambayo ilibidi niache kugonga ili niisikie.

"Sogeza kushoto, Dada," alisema.

Nikasogeza.